Historia na Ufundi wa Chupa za Ugoro za Uchina

Katika majumba mengi ya makumbusho duniani, kwenye makabati yenye vitu vya Uchina, huonekana vichupa vidogo ambavyo aghalabu urefu wake hauzidi ule wa kidole cha mtu mzima. Vingine ni vya kioo, vingine vya kauri, na vingine vimechongwa katika mawe ya thamani. Kila kimoja kina kizibo, na chini ya kizibo pameunganishwa kijiko chembamba, aghalabu cha pembe ya ndovu, ambacho ncha yake hufika karibu na kitako cha chupa. Vichupa hivyo vilitengenezwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuhifadhi ugoro, yaani tumbaku iliyosagwa ya kunusa.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya chupa hizo, namna zilivyotengenezwa, na sababu iliyofanya ufundi wake udumu hata baada ya desturi ya kunusa ugoro kutoweka. Lakini liko na kusudi jingine. Tumbaku si mmea wa asili ya Uchina, wala kunusa ugoro hakukuwa desturi ya mababu wa Wachina. Vyote viwili vilitoka ng'ambo. Hata hivyo, ni nani leo atakayeitazama chupa ya ugoro ya Uchina akadhani kwamba ni kitu cha Ulaya? Jinsi kitu cha kigeni kinavyogeuka kuwa mali ya wenyeji ni swali linalotuhusu sana sisi tufundishao Kiswahili mbali na pwani kilikozaliwa, kwani nasi huulizwa mara kwa mara kama lugha hii ni yetu kweli.

Safari ya Tumbaku

Tumbaku ni mmea wa bara la Amerika. Wenyeji wa huko waliuvuta, waliutafuna na kuunusa karne nyingi kabla Wazungu hawajafika. Baada ya safari za Wahispania na Wareno katika karne ya 16, mmea huo ulienea upesi duniani kote. Uchina uliingia kwa njia za biashara ya bahari, hasa kupitia Visiwa vya Filipino, na haukuchukua muda mrefu kuwapata watumiaji wengi. Watawala hawakupendezwa. Mwaka 1639 mfalme mkuu wa mwisho wa nasaba ya Ming alitoa amri ya kuikataza tumbaku, na adhabu yake ilikuwa kali. Amri hiyo haikufua dafu. Miaka mitano baadaye nasaba yenyewe ilianguka, na Wamanchu kutoka kaskazini wakaitwaa nchi na kuanzisha nasaba ya Qing, iliyotawala tangu mwaka 1644 hadi 1912.

Ugoro ulifika baada ya tumbaku ya kuvuta, nao uliletwa hasa na Wareno na mapadri Wajesuiti. Wareno walikuwa na makazi yao Macao tangu mwaka 1557. Tumbaku nzuri waliyoiuza ilitoka Bahia, katika koloni lao la Brazili, ambako ililimwa kwa jasho la watumwa, wengi wao Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Jambo hili halionekani katika uzuri wa chupa zenyewe, lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kulisahau. Unga uliomfurahisha mtu wa cheo mjini Beijing ulikuwa umeanza safari yake katika shamba la mtumwa.

Inasimuliwa katika kumbukumbu za mapadri kwamba Mfalme Mkuu Kangxi, aliyetawala tangu mwaka 1661 hadi 1722, alipozuru mji wa Nanjing mwaka 1684 aliletewa zawadi mbalimbali na Wajesuiti. Zawadi nyingine alizirudisha kwa heshima, ila ugoro aliupokea. Tangu wakati huo ugoro ulipata heshima ya kasri. Wachina waliuita biyan, maana yake moshi wa pua, jina lenye ucheshi kidogo kwa kitu kisichotoa moshi wowote. Walichanganya unga huo na manukato na majani ya dawa, wakaamini kwamba unatibu mafua, unaondoa maumivu ya kichwa na kusafisha macho. Kwa kuhesabiwa miongoni mwa dawa, ugoro uliepukana na lawama zilizoiandama tumbaku ya kuvuta.

Kwa Nini Chupa?

Huko Ulaya ugoro uliwekwa katika visanduku bapa vyenye kifuniko cha bawaba. Wareno waliviita kwa jina lililoingia hata katika Kiswahili, kwani kamusi zetu zinalo neno tabakero, au tabakelo, yaani kikopo cha kutilia ugoro. Neno hilo ni alama ya mabaharia wale wale, walioanza kujenga ngome ya Mombasa mwaka 1593 na ambao meli zao zilipita pwani yetu zikielekea Goa na Macao.

Wachina waliviona visanduku hivyo, wakavistaajabia, lakini hawakuvifuata. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Kwanza, hewa yenye unyevu huharibu ugoro, unga ukashikana na kupoteza harufu. Kila kisanduku kinapofunguliwa, unga wote hupigwa na hewa. Chupa yenye mdomo mwembamba na kizibo cha kubana huuhifadhi vizuri zaidi. Pili, mavazi ya Wachina wa wakati ule hayakuwa na mifuko kama ya makoti ya Kizungu. Vitu vidogo vilibebwa ndani ya mikono mipana ya kanzu au katika vifuko vilivyoning'inizwa mshipini, na kisanduku kingeweza kufunguka na kumwaga kilichomo. Tatu, tangu zamani Wachina walikuwa na vichupa vidogo vya kutilia dawa. Kwa kuwa ugoro nao ulihesabiwa dawa, haikuwa ajabu kuutia humo.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Ugoro ulikuwa wa kigeni, lakini chombo kilitafutwa nyumbani. Wachina hawakuukataa ugoro kwa sababu ya ugeni wake, wala hawakuupokea pamoja na kila kilichofuatana nao. Waliuchukua, wakauvika vazi lililolingana na hali ya hewa yao, nguo zao na mazoea yao.

Karakana za Kasri

Mwaka 1696 Kangxi aliamuru ijengwe karakana ya kioo mjini Beijing, karibu na kasri, akamweka Padri Kilian Stumpf, Mjesuiti wa Kijerumani, kuisimamia. Mafundi wa Kichina walifanya kazi pamoja na wageni, kila upande ukijifunza kwa mwenzake. Mwanachuoni Wang Shizhen, aliyefariki mwaka 1711, ameandika juu ya chupa za ugoro za kioo za rangi mbalimbali pamoja na vijiko vyake vya pembe. Kwa hiyo twajua kwamba katika muda mfupi sana kitu hiki kilikwisha pata umbo lake kamili.

Kutoka kwa wageni mafundi wa kasri walijifunza pia kupaka enameli ya rangi nyingi, yaani unga wa kioo unaochorewa juu ya shaba au kioo kisha kuyeyushwa motoni. Kupaka enameli juu ya kioo ni kazi ngumu mno. Moto ukipungua, rangi haishiki, na ukizidi kidogo tu, chupa yenyewe hulainika na kuanguka. Ndiyo maana chupa za aina hii zilizofanywa katika enzi ya Mfalme Mkuu Qianlong, aliyetawala tangu mwaka 1735 hadi 1796, ni chache na huthaminiwa kupita nyingine zote.

Ufundi mwingine ambao Wachina waliuendeleza sana ni ule wa kioo cha tabaka. Fundi hutengeneza chupa ya rangi moja, mathalani nyeupe kama maziwa, kisha huifunika kwa tabaka la kioo cha rangi nyingine, tuseme nyekundu. Baada ya kupoa, mchongaji huliondoa tabaka la juu kwa gurudumu, akiacha tu sehemu zinazofanya picha. Mwisho wake joka au ua jekundu huonekana limesimama juu ya uwanja mweupe. Ziko chupa zenye tabaka tatu au zaidi, na kila tabaka lilikuwa hatari nyingine, kwani vioo viwili visivyopoa kwa mwendo mmoja hupasuka.

Mfalme mkuu aliwatunukia maofisa na wajumbe wa nchi za nje chupa zilizotoka katika karakana zake. Kupewa chupa ilikuwa dalili ya kukubaliwa. Basi desturi ikashuka kutoka kasri hadi kwa maofisa, kutoka kwa maofisa hadi kwa matajiri na wafanya biashara, na kufikia karne ya 19 ilikuwa imeenea sana mijini. Rafiki alipokutana na rafiki, jambo la kwanza lilikuwa kukaribishana ugoro, kama vile katika sehemu nyingi za pwani yetu mgeni alivyokaribishwa kwa tambuu. Mkaribishwaji alipochukua ule unga kidogo, aliitazama pia chupa, na kwa chupa akampima mwenyewe.

Kutoboa Jiwe

Chupa za mawe zilitengenezwa kwa akiki, bilauri ya jiwe iliyo angavu kama maji, na zaidi ya yote kwa jiwe ambalo Wachina hulitukuza kuliko dhahabu, liitwalo jedi. Baada ya majeshi ya Qing kuliteka eneo la Xinjiang mwaka 1759, jedi kutoka Khotan na Yarkand ilipatikana kwa wingi zaidi, na baadaye aina nyingine ya kijani kibichi ililetwa kutoka Burma. Zilitumika pia kaharabu, marijani, pembe, mianzi na hata vibuyu vilivyofungiwa katika kalibu vingali vichanga ili vikue kwa umbo lililotakiwa.

Watu husema jedi huchongwa, lakini neno hilo halielezi sawasawa. Jiwe hili ni gumu kuliko chuma cha kawaida, na kisu hakiwezi kulikata. Kinachokata ni mchanga mgumu uliochanganywa na maji, na chombo cha chuma kazi yake ni kuusugua mchanga huo juu ya jiwe. Fundi alikaa mbele ya mashine ya mbao akiizungusha kwa miguu, huku mikono yake ikilishika jiwe na kulilisha mchanga.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutoboa ndani. Mdomo wa chupa mara nyingi haukuzidi sana nusu sentimita. Fundi alianza kwa kutoboa tundu moja kwa moja kwenda chini, kisha akaingiza vyuma vilivyopindwa na kuanza kusugua pande zote, ndani ya giza, pasipo kuona anachofanya. Aliongozwa na sauti na mguso wa mkono. Akisugua kidogo, chupa ilibaki nzito na kuchukua ugoro haba. Akizidisha, ukuta ulitoboka na kazi ya wiki nyingi ikapotea. Ziko chupa za akiki zilizotobolewa kwa ustadi hata zikiwekwa majini huelea.

Mafundi wa akiki, hasa wa mji wa Suzhou, walisifika kwa jambo jingine. Walilichunguza jiwe kwanza, wakatafuta doa au mshipa uliomo, kisha wakaamua picha. Doa jeusi liligeuka nyani, mshipa wa kahawia ukawa tawi la msonobari. Kosa la jiwe likawa pambo lake. Majina ya wengi wa mafundi hawa hayakuandikwa popote.

Maneno Yaliyofichwa

Mwalimu wa lugha atavutiwa zaidi na maana ya picha zenyewe. Kichina kina maneno mengi yanayotamkwa sawa na kutofautiana kwa maandishi na maana, na mafundi waliutumia utajiri huo kutunga mafumbo. Popo huitwa fu, na fu nyingine maana yake ni baraka. Hivyo popo, ambaye kwa watu wengi ni kiumbe wa kuchukiza, kwa Wachina ni mnyama wa heri, na chupa yenye popo watano humtakia mwenyewe baraka tano. Samaki ni yu, na yu nyingine ni ziada au wingi wa mali. Nyani aliyepanda farasi ni dua ya kupandishwa cheo upesi, kwa kuwa maneno ya kusema "juu ya farasi" ndiyo hayo hayo yenye maana ya "mara moja", na jina la nyani hulingana kwa sauti na jina la cheo kikubwa.

Asiyejua lugha ataona nyani na farasi tu, akasema ni mchezo wa watoto. Ajuaye lugha husoma salamu nzima. Hapa twaona kwamba chombo kilichozaliwa kwa ajili ya unga wa kigeni kilikwisha kuanza kusema kwa lugha ya nyumbani, tena kwa mafumbo yasiyofasirika kwa urahisi katika lugha nyingine yoyote.

Picha za Ndani

Mwanzoni mwa karne ya 19 ulizuka ufundi wa ajabu zaidi, wa kuchora picha ndani ya chupa. Kuna hadithi isemayo kwamba mtu mmoja aliyeishiwa ugoro alikwangua mabaki kwa kijiti cha mwanzi, na mikwaruzo aliyoiacha ndani ya kioo ikampa fundi aliyeiona wazo la kuchora. Hadithi hiyo ni tamu, nayo husimuliwa kwa namna nyingi, lakini ni hadithi.

Namna ya kazi inajulikana vizuri. Kwanza ndani ya kioo hukwaruzwa kwa kutikisa humo mchanga, maji na vijipande vya chuma, ili ukuta upoteze utelezi na kushika wino. Kisha mchoraji huingiza kalamu nyembamba ya mwanzi iliyopindwa ncha kama ndoana. Huchora kutoka ndani akitazama kutoka nje, na kila kitu hugeuka. Maandishi huandikwa kinyume ili yasomeke sawa. Mpangilio wenyewe pia ni kinyume cha uchoraji wa kawaida. Mchoraji wa karatasi huweka mandhari kwanza na mambo ya mbele mwisho, lakini wa ndani ya chupa hutangulia na kile cha mbele, mboni ya jicho kabla ya uso, na uso kabla ya milima iliyo nyuma. Akisahau kitu, ni vigumu kukirudia.

Bingwa wa kwanza aliyeipa kazi hii heshima ya sanaa kubwa alikuwa Zhou Leyuan, ambaye chupa zake ni za miaka ya 1880 na mwanzo wa miaka ya 1890. Baada yake alisifika Ma Shaoxuan, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki mwaka 1939, ambaye alichora sura za watu waliojulikana, miongoni mwao mwigizaji mashuhuri wa opera ya Beijing, Tan Xinpei. Ye Zhongsan, wa wakati huo huo, alianzisha karakana ya ukoo wake, ambamo baba aliwarithisha wanawe na siri haikutoka nje ya mlango.

Chupa Bila Ugoro

Wakati mabwana hao wakichora, ugoro wenyewe ulikuwa ukifa. Sigara zilizotengenezwa kwa mashine zilimiminika Uchina mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1912 nasaba ya Qing ilikoma, pamoja na vyeo na adabu zake. Chupa nyingi zilizochorwa ndani hazikutiwa ugoro kamwe. Zilinunuliwa na wageni na wakusanyaji. Mwaka 1968 kiliundwa nchini Marekani chama cha kimataifa cha wapenzi wa chupa hizi, na mwaka 2011 chupa moja ya kioo yenye enameli, ya enzi ya Qianlong, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 25 za huko.

Lakini bei si kipimo cha uhai wa ufundi. Katikati ya karne ya 20 waliojua kuchora ndani walikuwa wachache mno. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wana wa Ye Zhongsan walikubali kumfundisha kijana asiye wa ukoo wao, Wang Xisan, aliyezaliwa mwaka 1938 katika mkoa wa Hebei. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, vitu vya kale vilishambuliwa na kuvunjwa, naye akarudi kwao kijijini. Huko aliendelea na kazi, akatengeneza brashi mpya yenye mpini wa waya unaopindika, na akawafundisha wengine wengi. Eneo la Hengshui, ambalo halikuwa na chuo cha ufundi huo hapo kwanza, likawa kitovu chake, na mwaka 2006 uchoraji huo uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni wa Uchina.

Ukoo wa Ye ungeweza kuifunga siri yake hadi ikafa pamoja nao, na hakuna ambaye angewalaumu, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya mafundi. Walipoifundisha kwa mtu wa nje, walipoteza upekee wao, lakini kazi yao ikaishi.

Hitimisho

Katika historia hii twaona hatua tatu. Kitu kilitoka ugenini, kikapokewa kwa sababu kilifaa. Kisha wenyeji wakakitafutia chombo chao wenyewe, wakakifanyia kazi kwa subira mpaka kikasema kwa mafumbo ya lugha yao. Mwisho, ufundi uliozaliwa kwa kazi hiyo ukapita mikononi mwa wasio wa ukoo, na kwa kupita huko ukaokoka.

Wanafunzi wetu wengi nao hukipokea Kiswahili kutoka nje ya nyumba zao. Wapo wanaosema kwamba lugha iliyoletwa na misafara ya biashara, majeshi na shule haiwezi kuwa yetu. Jibu tunaloweza kuwapa ni lile la fundi wa akiki, aliyelichunguza jiwe kwanza, akatumia hata madoa yake. Methali za nyumbani, majina ya mimea yetu, vitendawili vya bibi zetu, vyote vinaweza kutiwa katika Kiswahili sanifu bila kukivunja, mradi mkono unaovitia ujue unene wa ukuta. Na wale wa pwani, walioilea lugha hii kabla yetu, hawatapungukiwa na kitu kwa kutufundisha mafumbo yake.